Black Lagoon: inanasa kwa nini, na inakwama wapi?

Bahari_Nyeusi

Habari zenu wakuu. Nimefika sehemu ya 6 ya Black Lagoon, ile anime (katuni ya Kijapani) ya wasafirisha magendo, na moyo umegawanyika. Mapigano yamekaa vizuri, boti lile, mji wa Roanapur wenye kila aina ya genge, muziki wa mwanzo unaosimamisha nywele. Lakini steringi simwoni. Revy anaua na kuokota mali za waliokufa, Dutch anachojali ni mzigo ufike na hela iingie, na Rock analalamika kisha anapanda boti tena na tai yake shingoni. Wale Wanazi mamboleo wa sehemu ya 4 hadi 6 nao wameletwa wafe tu, hawatishi hata kidogo.

Naomba wanaoijua vizuri wanisaidie. Ubaya wote huu una mahali unakoelekea, au ni risasi kwa ajili ya risasi? Sehemu zipi ni za msingi na zipi mtu anaweza kuzipitia juujuu? Kuna mambo mazito ya kujiandaa nayo? Na sauti, nishike ya Kijapani au ya Kiingereza? Mkinivujishia mwisho si tatizo, ninachotaka ni kujua kama inalipa.

---

Mwanamanga

Mkuu, usiishie hapo, maana sehemu ya 7 ndiyo inayojibu swali lako la kwanza.

Kwanza uione yote kwa ujumla. Manga (hadithi ya katuni ya kusomwa) ya Rei Hiroe ilianza mwaka 2002 kwenye jarida la Monthly Sunday Gene-X. Studio ya Madhouse ikaitengenezea anime mwaka 2006 chini ya mwongozaji Sunao Katabuchi: sehemu 12 kuanzia Aprili, na nyingine 12 kuanzia Oktoba mwaka huohuo. Kisha zikaja sehemu 5 za Roberta's Blood Trail, kati ya 2010 na 2011, ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya ratiba ya kila wiki ya televisheni. Hadithi imekatwa katika visa vifupi, vingi vikichukua sehemu mbili au tatu, isipokuwa kisa cha mwisho cha msimu wa pili kinachokula sehemu sita. Kwa hiyo anayesubiri safari moja ndefu ya steringi kutoka gizani kwenda kwenye nuru hataipata. Kila kisa kinauliza swali lilelile kwa watu wapya: ukiingizwa mahali ambapo uhai unapangiwa bei, utabaki na nini?

Sasa tazama ulikotoka. Katika sehemu ya 5, ndani ya nyambizi iliyozama tangu vita, Revy anaokota nishani kwenye mifupa ya mabaharia. Rock anamkataza. Revy anamjibu kwamba ukiondoa hisia za watu, nishani inabaki chuma, na chuma kina thamani ya pesa utakayolipwa, basi. Anamweleza pia utoto wake kwa sentensi chache, bila kuomba huruma, halafu anamtishia kumuua akirudia kumpinga. Ugomvi ule haukwishi mle ndani, unaahirishwa. Sehemu ya 6 yote, Revy akimwaga damu melini, hasira yake ni ya ule ugomvi. Ndiyo maana Wanazi hawana uzito: kazi yao ni kupokea hasira iliyokusudiwa mtu mwingine. Hapo nakubaliana nawe kabisa, ni udhaifu. Yule bwana anayesimama katikati ya mapigano kuisifia bastola yake ya Luger na kupigwa risasi kabla hajamaliza hotuba anachekesha mara moja, lakini adui wa namna hiyo hamfundishi mtazamaji chochote kuhusu Revy ambacho hakijui tayari.

Sehemu ya 7 haina kazi ya hatari hata kidogo. Wawili hao wanatumwa mjini kuzungukia shughuli ndogondogo. Sokoni ugomvi unalipuka, Revy anachomoa bastola, na Rock anashika mtutu na kuusukuma pembeni wakati risasi inatoka. Kisha anamjibu kwa sauti iliyo juu kuliko yake, mtu ambaye hadi jana alikuwa karani wa kampuni aliyezoea kuinamia wakubwa. Polisi wanawakamata wote wawili, na kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi Revy anawasha sigara yake kwa kuigusisha kwenye ile inayowaka mdomoni mwa Rock. Hakuna anayeomba radhi. Hakuna aliyebadili imani yake. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanaweza kufanya kazi pamoja, na Katabuchi anaiacha kamera pale kwa muda wa kutosha ulione hilo bila kuambiwa.

Huo ndio mvuto wa mfululizo huu kwa maoni yangu: haumtafutii mtazamaji mahali safi pa kusimama. Ukicheka na Revy, dakika tano baadaye unaonyeshwa aliyelipia kicheko hicho.

Za msingi: 1 na 2, 5, 7, 13 hadi 15, 19 hadi 24. Za kupitia juujuu: 3, na kisa cha Jane mtengeneza dola bandia, 16 hadi 18. Sehemu 8 hadi 10 za Roberta, kijakazi muuaji, uzione kwa sababu zinahitajika kwa zile tano za mwishoni.

---

Risasi30

Nitajibu upande wa mapigano, maana watu wengi wanaisifia kwamba ni ya "kweli", na sifa hiyo si sahihi. Silaha zimechorwa kwa uangalifu mkubwa. Matumizi yake ni ya sinema.

Revy ana Beretta 92FS mbili zilizorekebishwa, za rangi ya fedha, mtutu umerefushwa, vishikio vina fuvu na upanga, na ubavuni pameandikwa jina Cutlass. Magazini ya kawaida ya 92FS inabeba risasi 15. Ukiweka na moja chemba katika kila bastola, jumla ni 32 kabla ya kubadilisha. Jaribu kuhesabu milio kwenye mapigano yoyote marefu na hesabu itakukataa. Halafu kuna mikono: anayeshika bastola mbili hawezi kutazama kupitia vilengeo vya zote kwa pamoja, na ili abadilishe magazini ni lazima moja iwekwe chini ya kwapa au kwenye mkoba. Mpiganaji anayetaka kurudi nyumbani hapigani hivyo. Lakini hapo ndipo mtindo unapokuwa tabia: Revy hajikingi, anasonga mbele na mikono yote miwili ina kazi, kwa sababu hajali sana kama atarudi. Mlinganishe na wanajeshi wa Balalaika (bosi wa Hotel Moscow, genge la Warusi), waliopigana Afghanistan, wanavyosogea kwa zamu, wakilindana migongo, kila mmoja akijua pembe yake. Mchoraji anajua tofauti na ameiweka makusudi. Hotel Moscow wanatisha kwa sababu wao hawachezi.

Chukua pia sehemu ya 2, torpedo (kombora la majini) dhidi ya helikopta. Boti la Lagoon ni la aina ya PT ya Elco, boti la kivita la zamani la Marekani, futi 80, yaani takriban mita 24, mabodi ya mbao, injini tatu za petroli. Helikopta inayowakimbiza ni Mi-24, yenye bunduki ya milimita 12.7 puani pamoja na roketi. Kiuhalisia, boti la mbao lililobeba petroli likinaswa na silaha hiyo kwenye mto mwembamba limekwisha katika mpigo wa kwanza. Na torpedo za boti hizo zilikuwa na uzito wa tani moja hivi au zaidi, zilitengenezwa kukimbia majini, hewani hazina kazi. Hata hivyo tukio linasimama, kwa sababu hatua zake zimepangwa mbele ya macho yetu. Tunaonyeshwa kwamba mto hauna pa kutokea. Tunaonyeshwa meli iliyozama nusu, imelala mshazari. Rock, ambaye ametoka kusikia kwamba bosi wake ameshamhesabu kuwa maiti, ndiye anayetoa wazo la kuitumia kama njia ya kurukia. Boti linageuka, linarudi kuikabili helikopta, linapanda mbavu za ile meli, na torpedo zinaachiwa likiwa hewani. Kila kipande kimewekwa kabla hakijatumika. Hiyo ndiyo sababu unakubali uongo wake.

Pale ambapo kanuni hiyo inavunjwa ndipo mfululizo unapokwama. Roberta katika sehemu ya 8 hadi 10 anakuja na mwavuli wenye bunduki ndani na sanduku linalotema risasi, anavuka kila kitu, hakuna maandalizi, hakuna gharama. Anakuwa mashine. Mapigano yake na Revy ya ngumi, mpaka wote wawili wanaanguka, yanafurahisha, lakini hofu imeshaondoka chumbani. Baa ya Bao inabomolewa tena na inageuzwa utani wa kujirudia, wakati kuna watu wamekufa chini ya meza zile na hakuna anayewataja.

Kubwa zaidi ni hili: kuna sheria mbili za risasi. Mgeni wa kisa anakufa kwa risasi moja. Wanne wa boti la Lagoon, katika sehemu zote 24, hakuna anayekufa, na jeraha zito kuliko yote ni Revy kuchomwa upanga mguuni mwishoni kabisa. Hadithi inayosema uhai hauna thamani mahali hapa, halafu inawalinda wenyeji wake kiasi hicho, inajipinga yenyewe.

---

Dada_Kibatari

Naongezea kuhusu mambo mazito, kwa kuwa Mwanamanga ametaja 13 hadi 15 kama namba tu, na mtu hapaswi kuziingia bila kujua.

Kisa ni cha mapacha wa Kiromania, Hansel na Gretel, watoto wanaokodiwa kuua. Yaliyomo: watoto wakiua na kutesa kwa furaha, maelezo ya watoto waliouzwa na kurekodiwa katika filamu za ngono na mauaji halisi, na watoto wenyewe kuuawa. Unyanyasaji hauonyeshwi waziwazi, unaelezwa, lakini kuna tukio ndani ya boti ambapo Gretel anataka kumshukuru Rock kwa namna pekee aliyofundishwa ya kuwashukuru wanaume, anainua gauni, na Rock anatoka mbio huku akilia kwa hasira. Kama jambo hilo linakugusa kwa namna yoyote, ruka kisa chote. Hutapotea katika hadithi.

Ukiamua kutazama, tazama zote tatu kwa mkao mmoja, kama saa moja na dakika 12. Anayekatisha baada ya 13 anabaki na picha ya mazimwi wawili tu, na hapo kweli ni damu kwa ajili ya damu. Uzito unaingia pale inapoelezwa walikotoka. Hilo halikubuniwa hewani: Romania ya Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba kwa amri ya mwaka 1966, watoto wakazaliwa bila familia kuwa na uwezo wa kuwalea, vituo vya yatima vikafurika, na utawala ulipoanguka Desemba 1989 dunia ikaona hali iliyokuwa ndani yake. Mfululizo unachukua ukweli huo na kuuliza mtoto aliyelelewa na ukatili peke yake atakuwa nani.

Na linganisha vifo viwili. Hansel anauawa uwanjani na wadunguzi wa Balalaika, anavuja damu taratibu, na Balalaika ameketi mbele yake akitazama, akimkataza kulia. Hakuna muziki wa ushindi. Gretel anafika ufukweni, mbingu ni ya bluu tupu, Rock ameandaa chakula wale pamoja, na mtu aliyelipwa kumvusha anampiga risasi kichwani. Unajikuta unamlilia muuaji, na papo hapo unakumbuka aliowaua. Hakuna upande wa kukimbilia. Wimbo alioimba ndio unaofunga sehemu ya 15, badala ya muziki wa siku zote, kwa hiyo usibonyeze kuruka.

Sasa kasoro, na hii sipendi watu wanavyoipitia kwa haraka. Wanawake wa Roanapur ndio wenye nguvu: Balalaika anaongoza jeshi, mtawa Eda ana siri kubwa kuliko wanaume wote wa mji, Roberta, Shenhua, Revy. Ni wachache wanaofanya hivyo katika anime za mapigano. Lakini kamera haiwaheshimu sawasawa. Kaptura ya Revy imekatwa mpaka haina kazi tena ya kuwa nguo, na kamera inapiga kutoka chini hata pale anapozungumzia kupigwa na kutupwa utotoni. Ukiwa mwandishi unayetaka nimwone mtu aliyevunjwa, usinielekeze kwenye mapaja yake wakati uleule. Shenhua anachekwa kwa Kiingereza chake kibovu kila anapotokea, mpaka inaonekana ndiyo sifa yake kuu, ilhali ni mmoja wa wauaji hodari pale mjini. Na sare za vijakazi kwa Roberta na baadaye Fabiola, kijakazi mwenzake, ni chambo cha aina ya mtazamaji fulani, hazitokani na hadithi.

Matusi ya rangi na kabila nayo ni mengi. Mengine yanamfaa msemaji, kwa kuwa majambazi wa kimataifa hawasemi kwa adabu. Mengine yamewekwa kwa ladha tu.

---

Bahari_Nyeusi

Nimeielewa sehemu ya 7 baada ya kuitazama, asanteni sana. Ile ya sigara imenikaa. Dada Kibatari, nashukuru kwa tahadhari, nitaziona zote tatu pamoja.

Bado Rock ananisumbua. Anataka kuokoa watu lakini analipwa na wanaoua watu. Mfululizo unalijua hilo, au unamchukulia kuwa mtu mwema?

---

Mlinzi_wa_Zamu

Unalijua, na kisa cha Japani, 19 hadi 24, kimejengwa juu ya hilo tu.

Rock anarudi nchini kwake kama mkalimani wa Balalaika, ambaye Hotel Moscow yake inaingia mkataba na ukoo mdogo wa yakuza (majambazi wa Kijapani), Washimine, dhidi ya wakubwa wao. Ukoo hauna mrithi isipokuwa Yukio, msichana wa shule. Rock anamwona kama mtu wa mwanga aliyekosea njia, anataka kumtoa. Kuna tukio pale Balalaika anamlaza juu ya boneti ya gari na kumwekea bastola, anamuuliza kwa nini anahangaika na msichana yule. Rock hajitetei kwa haki wala huruma. Anajibu kwamba hicho ni kitu anachopenda kukifanya, kama burudani yake. Balalaika anacheka na kumwachia. Tazama uso wa Rock pale: anatetemeka, lakini midomo inaanza kutabasamu. Mfululizo unakuonyesha kwamba kuokoa watu kumekuwa kamari kwake, na anafurahia hatari kama Revy anavyofurahia risasi, ila yeye shati lake halina damu.

Yukio ndiye anayemwambia waziwazi. Kwamba amesimama katikati, machweo, hayuko kwenye mwanga wala gizani, na kutoka hapo anawahubiria waliochagua upande. Anamkatalia. Ginji, mlinzi wake, anapambana na Revy, upanga dhidi ya bastola, na anashindwa kwa kuwa dakika ya mwisho alianza kutamani kuishi. Yukio anajiua kwa upanga uleule mbele yao. Rock alijua kila hoja na hakumwokoa mtu.

Kisa hicho nacho kina mapengo. Yukio anageuka kutoka mwanafunzi hadi bosi kwa kasi isiyoaminika. Mwandishi anajaribu kuziba pengo kwa mazungumzo ya falsafa, Heidegger na wenzake, na msichana anaongea kama kitabu badala ya kuongea kama mtu aliyefiwa na baba. Chaka, yule mhuni anayemteka, ni adui wa kupigwa tu, ndugu wa wale Wanazi wa mwanzo, na uokozi kwenye ukumbi wa boling unakula muda ambao Yukio alikuwa anauhitaji. Kama dakika zile zingepewa Yukio na Ginji nyumbani kwao, kifo chake kingeuma zaidi.

Kuhusu 16 hadi 18, simkubalii Mwanamanga. Baada ya mapacha, mtazamaji anahitaji kupumua, na kisa cha Jane kinaonyesha mji ukifanya biashara: nani anauza taarifa, nani anakodi wauaji, bei inapandaje wateja wakiwa wawili. Bila hicho Roanapur ni pazia la nyuma tu. Ni chepesi, ndiyo, ila usikipitie juujuu.

Sauti sasa. Katika hadithi, watu wa Roanapur wanazungumza Kiingereza kati yao, kwa hiyo sauti ya Kiingereza inakaa vizuri na matusi yanatiririka. Maryke Hendrikse anampa Revy ukali wa mtaani. Megumi Toyoguchi, wa Kijapani, anampa uchovu zaidi chini ya ukali, na Mami Koyama kama Balalaika sijaona wa kumpita: sauti ya chini, haina haraka, kila neno ni amri. Tatizo linakuja Japani. Kazi ya Rock pale ni ukalimani. Katika sauti ya Kiingereza wote wanasikika kwa lugha moja na ukalimani unapoteza maana, hujui nani anaelewa nini mezani. Katika sauti ya Kijapani, Revy na Balalaika wanabadilika na kuongea Kiingereza, na lafudhi ni nzito kiasi kwamba utahitaji maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako kiko sawa. Inakwaruza masikio. Lakini sehemu ya 21, Revy akiwa kwenye uwanja wa watoto, hajui lugha yao, wanacheza kulenga makopo kwa bunduki ya kuchezea na kuelewana bila maneno, ina maana tu ukisikia lugha mbili tofauti.

Ushauri wangu: chukua ya Kijapani toka mwanzo hadi mwisho. Kubadilisha sauti katikati ya mfululizo kunakuondolea watu uliokwisha kuwazoea. Kama ulishaanza na ya Kiingereza, malizia nayo mpaka 18, kisha tazama angalau mkutano wa kwanza wa Balalaika na yakuza kwa zote mbili ndipo uamue.

---

Risasi30

Hapo kwa Ginji naongezea kidogo, kwani ndilo pambano bora la mfululizo wote. Upanga una nafasi dhidi ya bastola kwa masharti mawili: umbali uwe mfupi na mwenye bastola alazimike kugeuza mwili. Pambano linaheshimu yote mawili. Revy anashinda kwa kuukubali upanga uingie mguuni ili Ginji asogee karibu na asiweze kuuchomoa haraka. Amelipa kwa mwili wake kupata ile nafasi. Ni mara ya pekee ambapo malalamiko yangu ya sheria mbili za risasi yanapata jibu, na anaondoka pale akichechemea.

---

Dada_Kibatari

Na Rock akitaka kuonekana mtu mwema baada ya hapo, zile sehemu 5 za Roberta zinamkatalia kabisa. Kule anapanga mpango wa kuwakutanisha Roberta aliyepagawa na wanajeshi wa Marekani anaowawinda, akiwatumia Garcia, mtoto wa nyumba anayoitumikia Roberta, na Fabiola kama karata. Mpango unafanikiwa. Fabiola anamlenga na kufyatua, kumbe risasi ni bandia, mlio tu, na anamwambia usoni kwamba amecheza kamari na roho za watu. Rock hana jibu. Ukitazama mfuatano, mtu aliyeshika mtutu wa Revy sokoni ili kutetea utu wake sasa yuko mahali ambapo mtoto anaona ni halali kumlenga.

Tahadhari kwa hizo tano pia: kuna dawa za kulevya na majinamizi ya Roberta yanayojirudia, na mwisho viungo vya mwili vinapotea. Ni kali kuliko msimu wowote wa televisheni.

---

Mwanamanga

Mlinzi, kuhusu Jane nimekusikia, hoja ya mji kufanya biashara ina uzito. Bahari, ziweke kwenye orodha, ila usizitazame siku moja na mapacha. Acha usiku upite kwanza.

Mpangilio basi ni huu: 8 hadi 12, pumzika, 13 hadi 15 pamoja, 16 hadi 18, kisha 19 hadi 24 kwa siku mbili, ukikata baada ya 21. Katika 11 na 12 angalia mazungumzo ya Rock na Takenaka, yule Mjapani mkongwe wa harakati za mrengo wa kushoto aliyeishia kuwa gaidi wa kukodiwa. Watu huyaruka kwa sababu wanasubiri Shenhua atoe visu, lakini pale Rock anaonyeshwa Mjapani mwingine aliyetoka nyumbani na hakurudi, na hana la kumpinga.

Baada ya 24 ndipo uingie Roberta's Blood Trail, kila sehemu ni kama nusu saa au kidogo zaidi. Usianze nayo hata kama michoro yake ni mizuri zaidi, maana bila kumjua Garcia wa sehemu ya 8 hadi 10 utaona msichana wa kazi anaua watu bila sababu.

Televisheni ilitumia vitabu 5 vya kwanza vya manga. Kisa cha pili cha Roberta kiko katika vitabu vya 6 hadi 9, na mwisho wake hauko sawa na wa anime. Katika anime mwili wake unabomolewa, anarudi nyumbani amepoteza viungo. Kwenye manga Hiroe hakumpeleka mbali hivyo, na mkazo uko zaidi kwa Rock na alichokifanya. Binafsi naona wa manga ni bora: adhabu ya mwilini inamwachia mtazamaji hisia kwamba deni limelipwa, wakati hadithi nzima inasema madeni ya pale hayalipiki.

Kitabu cha 9 kilitoka 2009 na cha 10 kikachelewa mpaka 2014, kwa hiyo ukisikia wasomaji wakilalamikia kusubiri, wana haki. Ukitaka kuendelea baada ya anime, anzia kitabu cha 10. Ukitaka mwisho wa Roberta alivyouandika mwenyewe, rudi cha 6.